Kurasa Kumi na Moja za Mkungu

Nyuma ya nyumba ya fundi bomba kulikuwa na mti mmoja wa mkungu. Ulisimama kati ya ukuta na koki ya maji iliyotumiwa na nyumba tatu. Mtu akiinama kuchota maji, majani yake mapana yalimwangukia mgongoni. Wengi waliyafagia huku wakinung'unika. Binti wa fundi bomba aliyaokota.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumbani na mtaani walimwita Wakili. Jina hilo alipewa na mama yake, siku alipokataa kuoga mpaka aelezwe kwa nini paka haogi na bado ni msafi. Hakuwa mtoto wa kelele. Alikuwa mtoto wa kuuliza, kungoja jibu, na kukukumbusha jibu lako wiki tatu baadaye.

Mama yake alikuwa mfumaji wa masweta. Alikaa mlangoni kwenye mwanga, sindano mbili mkononi, mpira wa sufu miguuni. Masweta ya wateja aliyakunja juu ya karatasi nzito nyeupe ili yasipoteze umbo. Karatasi zilizobaki alimkatia Wakili, akazishona kwa uzi wa sufu, zikawa daftari.

Katika daftari hilo Wakili alichora mkungu. Alianza Jumapili moja ya kiangazi, jani la kwanza lilipogeuka jekundu. Kila Jumapili alichora picha moja, akaipaka rangi za maji. Chini yake aliandika tarehe, saa, na hali ya hewa. Majani yaligeuka mekundu, kisha rangi ya kutu, kisha yakapukutika. Picha ya tisa ilikuwa ya matawi matupu. Ya kumi na moja ilikuwa na vichipukizi vidogo kama ncha za penseli. Juma hilo hilo, mvua ya kwanza ya masika ikanyesha.

Aliyemfundisha ni jirani yao, mama mtu mzima aliyeitwa Bi Nakshi. Miaka mingi Bi Nakshi alikuwa mchora maua ya vitambaa katika kiwanda cha nguo. Sasa alikuwa amestaafu. Ulimi wake haukuwa umestaafu.

Fundi bomba mwenyewe alijua kuwa daftari lipo. Zaidi ya hapo hakujua.

Jumatano moja, fundi bomba alikuwa kazini kwenye jengo jipya la ghorofa mbili. Ukuta wa chini ulikuwa umelowa. Msimamizi wa ujenzi alimwita mbele ya mafundi wote. Hakuuliza lolote. Alinyoosha kidole kwenye ule ukuta.

"Fundi wa maji, kichwa maji," alisema.

Mafundi walicheka. Fundi bomba alijua kuwa viungio vyake havivuji. Alikuwa amevikagua mara mbili. Alitaka kujibu, akashindwa. Alifunga mfuko wake wa spana na kuondoka na kile kicheko masikioni.

Alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Mezani ilikuwa imetandazwa ramani yake ya mabomba. Juu ya ramani, daftari la Wakili lilikuwa wazi, linakauka. Maji mekundu yalikuwa yametiririka kutoka kwenye ukurasa wa kwanza, aliokuwa ameuongezea rangi, mpaka kwenye ramani. Mistari ya vyoo vya ghorofa ya kwanza ilikuwa imegeuka waridi.

"Nani kaweka uchafu huu juu ya kazi yangu?" aliuliza.

Wakili alitoka jikoni. Aliiona ramani, akashtuka. "Ni mimi, Baba. Samahani. Lakini nilikuuliza jana, ulipokuwa unanyoa ndevu. Nikasema, naomba ile karatasi kubwa nitandike chini, nisichafue meza. Ukasema, chukua, chukua."

Ilikuwa kweli. Fundi bomba aliikumbuka ile "chukua, chukua" mara alipoisikia. Kwa sababu ilikuwa kweli, hasira yake iliongezeka.

"Unanijibu?"

"Naeleza, Baba."

Alilikamata daftari kwa mikono miwili. Karatasi zilikuwa nzito na uzi wa sufu ulikuwa imara, kwa hiyo halikuchanika mara ya kwanza. Angeweza kuishia hapo. Hakuishia. Alikaza mikono, akavuta tena, na daftari likachanika katikati. Kisha akazichana nusu zile mara ya pili.

"Ni karatasi tu," alisema, akihema.

Wakili hakulia. Alivitazama vipande vyekundu sakafuni.

"Ramani yako naweza kuinakili upya," alisema. "Mistari bado inaonekana. Lakini mvua zimeanza juzi. Utanirudishia kiangazi?"

Mama alikuwa amefika, sindano zake bado mkononi.

"Ramani hii ina nakala?" Mama aliuliza.

"Ipo ofisini."

"Na hili daftari, nakala yake iko wapi?"

Fundi bomba alitazama vipande sakafuni.

"Basi," alisema Mama, "umechana kitu kisichokuwa na nakala, ukaokoa chenye nakala. Chakula chako kiko jikoni. Kisalimie, maana mimi sina salamu leo."

Aliinama pamoja na binti yake. Wakaokota kipande kimoja kimoja.

Nyumba ile ikapoa. Mama alimwekea mumewe chakula bila neno. Sindano zake ziligongana kwa nguvu, na sweta alilokuwa anafuma lilibana hata likamkaba mteja shingoni. Ilibidi alifumue. Bi Nakshi alipokutana na fundi bomba kwenye koki, alitazama ndoo yake kana kwamba ndani mna samaki. Fundi bomba naye alikuwa na hasira zake. Mimi ni baba, alijiambia. Nafanya kazi kutwa, natukanwa, narudi nanuniwa.

Siku ya tano alirudi na boksi. Lilikuwa boksi la rangi za maji, rangi ishirini na nne, pamoja na kitabu cha picha za kunakili. Ndani ya kitabu, miti yote ilikuwa ya kijani, mviringo kama mipira.

"Haya," alisema. "Hizi ni bora kuliko zile za zamani."

Wakili aligeuza boksi, akasoma maandishi ya nyuma, akalirudisha mezani taratibu. "Asante, Baba. Lakini mimi sikuzishtaki rangi. Rangi hazina kosa."

"Unataka nini, basi?"

"Sijui bado. Bado nina hasira."

"Mtoto ana hasira na baba yake?"

"Ndiyo," alisema Wakili. "Tangu Jumatano."

Mlangoni, Mama aliendelea kuhesabu mishono. Hakuinua kichwa, lakini alihesabu kwa sauti kidogo.

Jumapili iliyofuata mama na binti walikwenda kwa shangazi. Fundi bomba alibaki peke yake. Alitazama mkungu kupitia dirishani. Nitauchora mimi mwenyewe, alifikiri. Mti ni mti. Nitampa, na mambo yataisha.

Alichana karatasi ya daftari la shule. Akachora fimbo ndefu na duara juu yake. Akachovya brashi, akapaka kijani. Karatasi ilijikunja kama jani kavu. Akaongeza nyekundu juu ya kijani kabla hakijakauka. Ikatoka rangi ya matope. Akaongeza njano ili kuyang'arisha matope. Matope yakaongezeka. Akaongeza maji, akasugua, akasugua, mpaka karatasi ikatoboka na brashi ikafika mezani.

Alikitupa kikombe cha bati ukutani. Kikagonga, kikaanguka, kikazunguka sakafuni.

"Jirani," sauti ilisema kutoka kwenye koki. "Huyo unayempiga humo ndani ni nani?"

Alikuwa Bi Nakshi, akijaza ndoo. Fundi bomba alisogea dirishani. "Hakuna mtu. Ni picha."

"Nyingine?" aliuliza Bi Nakshi.

Neno hilo moja lilimwingia kuliko tusi la msimamizi. Alikiokota kikombe, akakirudisha mezani. Kisha akatoka nje, mikono yake imejaa kijani.

"Shikamoo, Bi Nakshi."

"Marahaba."

"Nataka kujifunza."

"Kujifunza nini? Kuchana unajua tayari."

Fundi bomba alimeza mate. "Kuchora mti huu."

Bi Nakshi alifunga koki. Aliitazama mikono yake, halafu uso wake. "Lete viti viwili na penseli," alisema. "Rangi ziache ndani. Bado hamjuani."

Aliokota jani moja chini ya mkungu. "Usivunje la mtini. Lililoanguka linatosha. Haya, lichore."

Fundi bomba alimaliza kwa dakika moja. Lilikuwa jani lenye ncha mbili, mstari katikati, na mistari midogo pande zote. Bi Nakshi aliliweka jani la kweli karibu na mchoro.

"Hili lako umelitoa mti gani?"

"Si mkungu huu?"

"Mkungu huu hauna jani kama hilo. Hakuna mti ulio nalo. Hilo umelitoa kichwani." Aligusa jani la kweli. "Hapa kuna tundu. Mdudu amekula. Mbona hukulichora?"

"Niliona ni kasoro."

"Kumbe unalisahihisha. Nimekuambia ulichore. Tazama jani mara mbili, karatasi mara moja. Penseli ishike kwa wepesi, usiichimbie karatasi kaburi. Anza tena."

Alianza tena. Safari hii ilimchukua nusu saa. Aliona kuwa jani lilikuwa pana karibu na ncha na jembamba karibu na kikonyo. Aliona kuwa mishipa yake haikuanzia mahali pamoja kulia na kushoto. Alikuwa ameishi na mkungu ule miaka tisa, na hayo hakuwahi kuyaona.

Lakini mgongo ulimuuma, na fedheha ilimuuma zaidi. "Bi Nakshi," alisema, "haya si mambo ya watoto? Mbona mmenigeukia kama nimeua mtu?"

Bi Nakshi aliliweka jani chini. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini na kali.

"Nimechora maua ya vitambaa miaka thelathini na miwili. Kila ua nililitoa kwenye mmea. Nilikaa juani nikatazama. Kiwanda kilipofungwa, nilikwenda kuchukua michoro yangu. Ilikuwa kabati zima. Nikaambiwa wapishi wameiwashia moto. Meneja akaniambia, mama, ni karatasi tu."

Fundi bomba aliinamisha kichwa. Maneno hayo aliyajua.

"Sikumjibu," alisema Bi Nakshi. "Nilikwenda nyumbani nimenyamaza. Mpaka leo najuta kwamba nilinyamaza. Kwa hiyo wewe usitegemee kuwa nitanyamaza."

"Mimi pia nilinyamaza," fundi bomba alisema. "Kwa msimamizi. Halafu nikaja kusema nyumbani, kwa mtoto."

"Ndiyo. Hasira uliibeba kutoka kwenye nyumba ya watu, ukaja kuitua kwako." Alisimama, akachukua ndoo yake. "Hasira yako ilikuwa na haki. Anwani ndiyo uliyokosea. Kesho jioni leta rangi."

Kesho yake alileta rangi. Bi Nakshi alileta ubao, karatasi nzito, utepe wa gundi, vikombe viwili na kitambaa kikuukuu. Alibandika karatasi juu ya ubao kwa utepe, pande zote nne.

"Kwa nini unaifunga?" aliuliza fundi bomba.

"Isijikunje ikilowa. Hii ndiyo karatasi ya rangi za maji, nene. Ile ya daftari la shule ni ya penseli."

"Na vikombe viwili?"

"Hiki cha kuoshea brashi. Hiki cha maji safi ya kuchanganyia. Ukitumia kimoja, utakuwa unapaka maji machafu na kushangaa picha haing'ai."

Fundi bomba alichovya brashi akaanza kusugua.

"Unasugua sinki?" aliuliza Bi Nakshi. "Ilaze brashi. Ivute mara moja, uiache. Anza na rangi hafifu. Nyeusi haina haraka, itangoja. Na pale unapotaka pawe peupe, usipake kitu. Weupe wako ni karatasi."

Alipaka njano hafifu kwenye jani zima. Mara akaleta nyekundu.

"Ngoja," alisema Bi Nakshi.

"Ningoje nini?"

"Wewe ukiunga bomba la plastiki kwa gundi, unafungulia maji papo hapo?"

"Hapana. Nangoja gundi ishike. Ukifungulia mapema linafumuka."

"Nani alikufundisha kungoja?"

"Mwalimu wangu wa ufundi. Alinizaba kibao."

"Mimi sikuzabi. Lakini ngoja. Rangi ya kwanza ikauke, ndipo ya pili. Ukiweka majimaji juu ya majimaji, na rangi tatu nne kwa pamoja, utapata lile tope lako la Jumapili."

Alingoja. Alipoweka nyekundu juu ya njano iliyokauka, jani likawaka. Alilitazama kama mtu aliyefungua koki kavu ikatoa maji.

Alimaliza wiki mbili akijifunza hivyo kila jioni, dakika ishirini au thelathini. Alijifunza kuweka jani chini ya karatasi nyembamba na kupitisha penseli juu yake kwa ubavu, mpaka mishipa yote ikatokea. Alijifunza kuchanganya nyekundu na kijani kidogo apate rangi ya gome. Alijifunza kuosha brashi na kuilaza, kwa sababu brashi inayosimamishwa kikombeni huharibika nywele.

Siku moja wingu zito lilikuja. Bi Nakshi alimwambia alowanishe karatasi yote kwanza kwa maji matupu. Kisha adondoshe bluu na nyeusi kidogo, ainamishe ubao, aache maji yafanye kazi. "Hapa tu ndipo tunapoweka rangi kwenye maji," alisema. "Wingu halina ukingo. Jani lina ukingo." Rangi ilisambaa yenyewe, ikashuka, ikawa mvua juu ya ukuta aliouchora kwa penseli.

Picha hiyo aliiacha mezani ikauke. Asubuhi Wakili aliikuta. Aliitazama akiwa amevaa sare ya shule, mfuko mgongoni.

"Nani kachora hii?"

"Mimi," alisema fundi bomba.

Wakili aliinama karibu. "Mbingu imetoka vizuri," alisema. "Ukuta umedanganya. Ukuta wetu una ufa."

"Nitautazama tena."

Mama aliacha kufuma. Fundi bomba alivuta kiti akakaa, ili uso wake uwe sawa na wa mtoto.

"Mwanangu, nilikosa. Wewe hukukosa. Uliniuliza, nikakujibu bila kukusikiliza. Kisha nikachana kazi yako kwa hasira ambayo haikuwa yako. Nisamehe."

Wakili alifikiri. Alifikiri muda mrefu, mpaka Mama akakohoa.

"Maelezo nimeyakubali," alisema. "Msamaha bado unakuja. Hasira yangu haijaisha, na siwezi kudanganya kuwa imeisha."

"Sawa. Nifanye nini?"

"Kila Jumapili utakaa nami kwenye mkungu. Mwaka mzima. Upande wa kushoto wa kitabu ni wako, wa kulia wangu. Hakuna kukosa. Na ukikasirika mezani, unaondoka mikono mitupu. Hugusi kitu."

"Hata kikombe?"

"Hata kikombe. Nimesikia habari za kikombe."

Mama aliinamia sufu yake. Mabega yalimtikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mbele ya mumewe tangu siku ile.

Ni Mama aliyeshona kitabu kipya. Wakili alimwambia idadi ya kurasa. Mama alitumia sindano nene na uzi wa nyuzi tatu. Alipomaliza alimpa mumewe akishike. "Hiki ukitaka kukichana," alisema, "njoo na msumeno."

Fundi bomba alikifungua. Wakili alikuwa ameandika juu ya kurasa za mwanzo tarehe za kiangazi kilichopita, kuanzia ile Jumapili ya kwanza. Zilikuwa kurasa kumi na moja. Chini ya tarehe hapakuwa na kitu.

"Hizi tutachora nini?" aliuliza.

"Hatuchori. Hizo ni zile."

Kwa hiyo kila Jumapili, kabla ya kufikia ukurasa wa siku hiyo, fundi bomba alifunua kwanza kurasa kumi na moja tupu.

Masika walichora mawingu, madimbwi, na vichipukizi vilivyofunguka vikawa majani laini. Mvua ikinyesha walikaa dirishani. Kipupwe kilipoingia, asubuhi zilikuwa na ukungu. Walichora mti kwa rangi iliyotiwa maji mengi, sehemu ya mbali hafifu, sehemu ya karibu nzito. Siku zisizo na ukungu walichora mashuke ya nyasi kando ya ukuta, kwa penseli tu. Vuli ilileta viwavi, na Wakili akasema viwavi navyo vina haki ya kuchorwa.

Haikuwa raha kila siku. Jumapili moja ya kipupwe, fundi bomba alikuwa amechora saa nzima. Tone la maji machafu likaanguka katikati ya picha yake. Uso ulimbadilika. Alishika ukingo wa meza. Wakili alikisogeza kikombe kando. Fundi bomba alisimama, akainua mikono yake miwili wazi, akatoka nje. Alikwenda mpaka barabarani, akarudi, akaenda tena. Alirudi baada ya robo saa, jasho likimtoka.

"Bado ninayo," alisema. "Lakini imepungua."

Wakili alimpa kitambaa safi. "Ukigandamiza tone kabla halijakauka, linatoka," alisema. "Hili limeshakauka. Ligeuze liwe jiwe."

Likawa jiwe.

Kazini nako, kabla ya vuli kwisha, ukuta ule wa jengo ulilowa tena. Msimamizi alimwita tena mbele ya watu. "Kichwa maji," alianza.

Mafundi walijiandaa kucheka. Fundi bomba alihisi damu ikipanda. Alitoa penseli mfukoni.

"Nipe nusu saa," alisema.

Alikaa chini mbele ya ule ukuta, akauchora kama ulivyokuwa. Alitazama ukuta mara mbili, karatasi mara moja. Alichora mabomba yake, dirisha, na mipaka ya unyevu. Unyevu ulianza juu, chini ya kona ya dirisha, ukashuka ukipanuka. Mahali palipopita mabomba palikuwa pakavu.

Alimpa msimamizi mchoro. "Maji yanaingia dirishani," alisema. "Bomba langu liko hapa. Hapa ni pakavu, shika uone. Na mimi nina jina. Siku nyingine ukiniita mbele ya watu, niite kwa jina hilo."

Sauti yake ilitetemeka, lakini ilitoka yote. Msimamizi alipapasa ukuta. Akautazama mchoro. Kisha akamwita fundi wa madirisha. Samahani hakuomba. Fundi bomba alirudi nyumbani amechoka, akala, na hakuna mtu aliyeogopa meza ile jioni.

Kiangazi kikaja. Jani la kwanza likageuka jekundu, na Wakili akalichora bila kusema neno. Baba yake alichora lile lile kutoka upande wa pili. Walikwenda hivyo Jumapili baada ya Jumapili, mpaka matawi yakabaki matupu na kitabu kikajaa.

Msimamizi wa maktaba ya mtaa, dada mmoja aliyekuwa mteja wa masweta, alikiomba kitabu akiweke mezani wiki mbili. Bi Nakshi aliketi karibu nacho kama mlinzi, akiwakemea watu wenye vidole vya mafuta. Watu walikuja zaidi ya ilivyotarajiwa. Wengine walirudi mara mbili.

Jumamosi moja alikuja bwana mmoja, dereva wa lori, pamoja na binti yake mdogo. Alifungua kitabu mwanzoni. Akafunua ukurasa, na mwingine, na mwingine.

"Mbona hizi tupu?" aliuliza. "Mlisahau kuchora?"

Wakili alikuwepo. Alimtazama baba yake, akangoja.

"Hatukusahau," alisema fundi bomba. "Zilikuwa na picha za binti yangu. Nilizichana mimi kwa hasira, na hazikuwa na nakala."

Dereva aliondoa mkono wake kitabuni. Alimtazama binti yake mdogo, akarudisha macho kwenye zile kurasa.

"Mimi pia nina hasira," alisema kwa sauti ya chini.

"Zipo," alisema fundi bomba. "Mimi bado ninazo."

Wakili alivuta kiti kutoka meza ya pili, akamsogezea yule dereva. Akavuta kingine kidogo kwa binti yake. Kisha akaenda kuwatafutia karatasi na penseli.